Uso wa Wifi, Mikono ya Seremala

Machi 3

«Kunakili hakujawahi kumuua mtu.» Ndivyo alivyoandika mkuu wa mitambo katika waraka aliobandika leo kwenye mlango wa chumba cha seva, kwa herufi nene kama za tangazo la nyumba isiyouzwa. Waraka unanilenga mimi, mwandishi wa programu za kituo, ingawa haunitaji. Kila mtu kituoni anajua nani amekuwa akipiga kelele kuhusu nakala.

Basi nijibu hapa, kwa kuwa mlangoni pale nimekatazwa kubandika kitu.

Kituo chetu kina kazi moja. Kiziwi anakaa mbele ya kamera, nyumbani kwake au hospitalini, anazungumza kwa mikono. Picha yake inatufikia kwa mtandao. Mkalimani anaitazama na kumsemea kwa sauti kwa daktari, kwa karani wa benki, kwa mwalimu wa mtoto wake. Hatuzibani picha hizo ziwe ndogo, maana kubana kunafuta vidole, na ndiyo sababu ni nzito. Zinasafiri zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kadi ya mtandao kwenye seva yetu inazipokea. Mpaka hapo hatugombani.

Kadi inaiweka pakiti kwenye kumbukumbu ya mashine. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inainakili mahali pengine. Kiini cha mfumo, programu mama ya mashine, kinainakili tena kwenda kwenye programu ya picha. Programu ya picha inainakili mara ya tatu ndipo iionyeshe. Ni picha ile ile, haikuongezwa hata nukta. Ni kama mtu anayehama nyumba, akashusha kitanda kwa jirani, akakibeba tena hadi kwa jirani wa pili, ndipo akakiingiza kwake. Prosesa, ubongo wa mashine, inaishiwa nguvu kwa kubeba vitanda. Wakati inabeba, pakiti mpya zinafika na kadi haina pa kuziweka. Kadi ikikosa nafasi haipigi kelele. Inatupa.

Kwa mtu anayesikia, pakiti iliyotupwa ni mkwaruzo tu katika sauti. Kwa kiziwi ni mkono uliopotea katikati ya sentensi.

Hakuna aliyekufa, anasema. Mwaka juzi wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikaa mbele ya kamera ya hospitali kueleza kwamba mtoto tumboni ameacha kucheza. Alipoinua mikono tu, picha iliganda. Mkalimani alingoja. Daktari alingoja. Walingoja kwa adabu kabisa. Picha iliporudi wifi alikuwa analia na daktari ameshaita mgonjwa mwingine. Mtoto alizaliwa amekufa. Mkuu wa mitambo alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kiti changu.

Sasa wifi ana mimba nyingine, na mvua zimeanza.

Machi 5

Mvua. Nimempa mkuu wa mitambo jina: Nakala Tatu. Kufika mchana limeenea hadi kwa mfagizi.

Machi 9

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, fundi wa kuchomelea vyuma. Mkewe ni kiziwi pia, mshonaji. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mimi siwezi kujisikia ninafikiri. Mdogo wangu akanitazama ninavyokunja uso, akaniambia kwa mikono kwamba mvua ni tatizo la watu wenye masikio, tukatafute dawa.

Wifi amewashonea watoto wa mtaa mzima, lakini wa kwake hajamshonea hata kofia. Kitambaa kipo, kimekunjwa juu ya cherehani, njano, laini. Nilipokigusa alinipiga kidogo mkononi.

«Wifi, usiguse. Bado sijaamua kuamini.»

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Hakufikiri hata kidogo.

«Siku yenyewe nataka Bi Vidole anisemee. Na nataka picha isigande. Mengine nitazaa mwenyewe.»

Nilimwahidi. Niliahidi kabla sijajua nitafanyaje, jambo ambalo ni kawaida yangu.

Machi 14

Niandike kuhusu Bi Vidole, maana bila yeye kituo ni chumba cha waya. Ndiye mkalimani wetu mkongwe. Anamwita kila mtu mwanangu, hata mwenyekiti wa bodi. Kila asubuhi wa kwanza kwake ni mzee mmoja kiziwi tunayemwita Seremala, mjane anayeishi peke yake, aliyeacha nusu ya kidole chake cha shahada kwenye msumeno. Kifua kinamsumbua. Kila asubuhi anapiga ili muuguzi wa zahanati amuulize amelalaje, na Bi Vidole yuko kati yao. Wengine hawamwelewi vizuri kwa sababu ya kile kidole. Maneno mengine anayafanya kwa njia yake mwenyewe.

Leo picha iliganda tena. Iliporudi Seremala akamwambia Bi Vidole kwamba amekuwa sanamu nzuri, angemchongea kiti cha kukalia milele. Bi Vidole alicheka, kisha akaniita pembeni.

«Mwanangu, mimi nacheka kwa sababu anacheka. Lakini kila sentensi tunaisema mara mbili. Simu ya mtu mmoja inakula muda wa wawili. Foleni umeiona?»

Nimeiona. Mvua imekata barabara, walioweza kwenda zahanati kwa miguu sasa wote wanapiga.

Machi 20

Mkurugenzi amenipa ruhusa ya kujaribu, si kwa kuamini hoja zangu bali kwa kuchoka na malalamiko. Nakala Tatu alikuwa anachora miraba kwenye karatasi yake kikao kizima.

Kazi yenyewe ni hii. Kadi naikabidhi vyumba vitupu, yaani kurasa za kumbukumbu ambazo programu ya picha nayo inaweza kuzifungua. Pakiti ikifika, kadi inaiweka moja kwa moja chumbani. Draiva haibebi mzigo. Inaikabidhi programu ya picha ufunguo wa chumba. Programu inasoma humo humo, ikimaliza inarudisha ufunguo, kadi inakitumia chumba upya. Kinachohama ni ufunguo, kitanda kinabaki pale pale. Sheria ni moja na haina huruma: chumba ni cha kadi au ni cha msomaji. Kamwe hakiwi cha wote wawili kwa wakati mmoja.

Machi 22

Mashine imezima yenyewe. Kosa langu, limeonekana, limekwisha.

Machi 29

Inafanya kazi. Saa za foleni kubwa, mvua ikimwagika, wakalimani wote wako hewani na hakuna picha iliyoganda. Prosesa imetulia kama mtu aliyetua ndoo. Seremala amelalamika kwamba sasa Bi Vidole anajibu haraka mno, hapati nafasi ya kufikiria uongo kuhusu dawa alizoruka.

Nimebandika waraka kwenye mlango wa Nakala Tatu. Nilimwandikia kwamba miaka yote amekuwa akilinda ghala la vivuli, na kwamba anayeogopa kuitumia kumbukumbu moja kwa moja angekwenda kufanya kazi ya kukoroga chai, lakini na huko angeimimina vikombe vitatu. Watu walisimama kuusoma. Walicheka. Yeye aliubandua, akaukunja vizuri, akautia mfukoni.

Aprili 2

Shwari. Foleni hakuna. Nimelala kama mtoto.

Aprili 7

Mvua mchana kutwa. Wifi ameanza kukata kile kitambaa cha njano. Amekata tu, hajashona.

Aprili 11

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi wifi alikuwa hospitalini kwa daktari wa mimba. Bi Vidole alikuwa kwenye kiti chake, nami nimesimama nyuma yake kwa sababu nilitaka kuiona kazi yangu ikimhudumia mtu wangu. Daktari aliuliza kama ana maumivu. Uso wa wifi ulikuwa mtulivu, nyusi zimeinuka kidogo, kama anavyofanya anapotafuta neno. Mikono chini ya uso ule ilisema: kifua kinabana, siwezi kupumua, tangu jana.

Bi Vidole alifungua mdomo. Daktari alikuwa anasubiri, tulimsikia amesogeza kiti. Kisha Bi Vidole akaufunga mdomo wake, akaegemea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

«Hii si mikono yake,» akasema.

Nikatazama. Kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Uso ulikuwa wa wifi, mikono ya Seremala, vimeunganishwa kifuani bila mshono. Kwa lugha ya alama uso ni nusu ya sentensi. Mashine yangu ilikuwa imetunga sentensi ambayo hakuna binadamu aliyeisema, na kuiwasilisha safi, bila mkwaruzo wowote, mbele ya daktari aliyeshika kalamu. Picha iliyoganda angalau inakiri kwamba haijui. Hii ilidanganya kwa ufasaha.

Bi Vidole alimwambia daktari simu imeharibika, asiandike lolote, akakata. Akampokea Seremala, aliyekuwa kwenye foleni akimngoja na ambaye kweli kifua kilikuwa kinambana, akamshikilia hewani mpaka muuguzi alipofika kwake. Hakuniangalia. Alipomaliza aliinuka, akaenda kunawa uso.

Aprili 12

Kikao. Mkurugenzi ameamuru draiva ya zamani irudishwe leo leo, na kwamba badiliko lolote sasa litasubiri kura ya bodi. Nilipiga meza. Nilisema picha zikianza kuganda tena damu itakuwa mikononi mwao. Mkurugenzi akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, jana ilikuwa karibu kuwa mikononi mwa nani.

Nakala Tatu alikuwa anachora miraba tena. Nilimchukia kwa miraba hiyo.

Aprili 13

Zimeanza kuganda.

Aprili 16

Nimeisoma draiva yangu mstari kwa mstari na haina kosa. Kila chumba ninachokitoa nakihesabu, kila ufunguo unaorudi nauhesabu. Mchana nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya meza Nakala Tatu alipovuta kiti na kukaa upande wa pili. Alitoa mfukoni ule waraka wangu wa kikombe cha chai, akaugeuza, akachora nyuma yake mraba mmoja na mishale miwili inayotoka ndani yake.

Akaniambia kwamba wiki ile ile nilipowasha draiva mpya, yeye aliwasha programu ya kurekodi. Hospitali iliomba kila mazungumzo ya wagonjwa yahifadhiwe, ili likitokea shauri ijulikane nani alisema nini. Programu hiyo inasoma kurasa zile zile.

Nilielewa kabla hajamaliza kuongea. Wasomaji walikuwa wawili, draiva yangu inamjua mmoja. Ni kama watu wawili wanaokula sahani moja. Wa kwanza akinawa mikono, mhudumu anaondoa sahani na kuweka chakula cha mteja mwingine, na yule wa pili bado ana tonge njiani. Programu ya kurekodi ina haraka, inamaliza kwanza, inasema tayari. Draiva inairudishia kadi chumba. Kadi inamwaga pakiti za Seremala juu ya nusu ya picha ambayo skrini ya Bi Vidole haijaisoma.

«Kwa nini hukuniambia?» nikamuuliza.

«Nani anakuambia kitu wewe? Mtu akija na swali anarudi na jina la utani.»

Nikamsogezea kibodi yangu.

Aprili 19

Tumefanya kazi pamoja siku hizi, na lazima niandike kwamba anajua kazi. Dawa ni ndogo hata inatia aibu: kila chumba kina hesabu ya wanaokisoma, na hakirudi kwa kadi mpaka wa mwisho atoke. Tuligombana kuhusu rekodi. Nilitaka nayo isome bila kunakili. Yeye akasema diski ni nzito, itashikilia vyumba muda mrefu mpaka kadi ikose pa kuweka, na turudi kule kule kwenye kutupa. Kwa hiyo rekodi ipewe nakala yake, moja, kisha iachie. Alikuwa sahihi. Miaka yote nimepigana na neno nakala, kumbe adui ni nakala isiyo na sababu, na hiyo ina sababu.

Tumeitesa mashine kwa picha za kila simu ya mwezi mzima kwa mkupuo. Hakuna iliyoganda, hakuna iliyochanganyika. Barua kwa bodi ina saini zetu wawili.

Mwenyekiti amejibu kwamba wajumbe wametawanyika, watakaa mvua zikiisha.

Aprili 24

Mvua.

Aprili 27

Mvua. Seremala ameganda, amerudi, ameganda. Amemwambia Bi Vidole wasalimiane kwanza halafu waagane, ya katikati wayaache.

Mei 2

Nimempigia simu mwenyekiti. Hakupokea. Nakala Tatu naye amepiga, kwa namba yake. Akapokelewa, akaambiwa tusiwe na pupa.

Mei 6

Wifi ameshikwa na uchungu asubuhi, barabara ya chini ikiwa mto. Mdogo wangu alimfikisha hospitalini kwa mkokoteni wa vyuma vyake. Simu iliingia foleni ikiwa imeshafurika, kila sentensi inasemwa mara mbili, kila mkalimani amekwama na mtu wake. Bi Vidole aliipokea. Tuliona wifi anainua mkono wa kulia. Ukaganda hapo.

Tulimsikia mkunga anauliza anasemaje. Mvua juu ya bati. Mkunga akauliza tena. Ule mkono ulikuwa umesimama juu ya tumbo, pale pale uliposimama mwaka juzi.

Nadhani nilipiga yowe. Nakala Tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya seva, anazima kila kitu ambacho si picha wala rekodi. Bi Vidole alivua vipokea sauti akaviweka mezani taratibu.

«Nakwenda mwenyewe,» akasema.

Alikwenda na bodaboda katika maji yale, umri wake ule. Mimi nilimfuata na nyingine. Alipoingia chumba cha kuzalia alikuwa anachuruzika kama nguo ya kuanika. Akasimama miguuni pa kitanda, akainua mikono, na wifi akaanza kusema. Alisema kamba, shingo, nahisi anavutwa. Bi Vidole akasema kwa sauti. Mkunga akamwita daktari, na daktari akaja mbio.

Ni msichana. Analia sana. Baba yake alimwekea kiganja kifuani ili asikie kilio chake kwa mkono, akagoma kuuondoa.

Mei 7

Kiti cha Bi Vidole jana kilikaa kitupu tangu alipoondoka. Hakukuwa na mkalimani wa kukikalia.

Mei 8

Seremala alikutwa na jirani jana jioni. Alikuwa ameanguka kando ya benchi lake la kazi, kamera bado imewaka juu yake.

Mei 10

Nakala Tatu ameniletea rekodi ya Mei 6. Tuliitazama wawili, mlango umefungwa.

Seremala anaonekana. Anakiona kiti kitupu. Anauliza kwa mikono Bi Vidole yuko wapi, kisha anatania: ameona aibu leo, hakuvaa vizuri. Anangoja. Anaweka mkono kifuani. Anaanza kusema kitu, mikono inapanda pamoja, kile kidole nusu mbele, na picha inaganda. Inakaa hivyo muda mrefu. Inaporudi hayumo kwenye fremu. Upande mmoja kuna ukingo wa benchi.

Nakala Tatu alisema polepole, «Niliandika mimi. Kwamba haijawahi kumuua mtu.» Nikamwambia aache. Sisemi nakala ndizo zilizomuua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Nasema alikuwa na sentensi, na hakuna atakayeijua kamwe, na dawa ya kila kilichoizuia tulikuwa tumeshaitengeneza na kuiweka kwenye bahasha.

Nimemweleza wifi. Alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo alijibu kwa mkono mmoja.

«Siku ile nilipewa mikono yake. Juzijuzi nikapewa mkalimani wake. Mimi nimempa nini?»

Kisha akamlaza mtoto, akachukua ile njano iliyokatwa tangu Aprili, akaanza kushona.

Mei 12

Mvua zimekatika. Bodi inakaa Jumatatu. Kurasa hizi nimezinakili, seti moja kwa kila mjumbe, na hizo ni nakala zenye sababu.

Wewe unayeandika draiva, popote ulipo: hesabu wasomaji, na muulize jirani yako kama kuna msomaji usiyemjua, na umuulize kwa namna ambayo atakujibu.

Nanyi wajumbe wa bodi: msianze na barua yetu. Anzeni na rekodi. Haina sauti, msitafute kitufe cha kuongeza. Mwenyekiti asisogeze mbele pale inapoganda. Kaeni nayo muda wote ambao Seremala alikaa, mpaka ukingo wa benchi ubaki peke yake. Kisha nyoosheni mikono kupiga kura, na kabla ya kuishusha, kila mmoja autazame wake.